Kaimati za Shira ya Kanada

Muhula uliopita mwalimu wa sayansikimu aliandika ubaoni jina la shira fulani ya Kanada inayotoka kwenye mti uitwao mepo, akauliza kama kuna aliyewahi kuionja. Darasa zima likainamia madaftari. Chakula cha shule yetu hakina uhusiano wowote na Kanada, na hata na chumvi ni watu wa kusalimiana tu kwa mbali. Nikainua mkono. "Mimi nimeifuturia, mwalimu." Wakacheka, kwa sababu katika kila maneno kumi ninayosema darasani tisa ni uongo, na hawakujua kwamba hilo lilikuwa la kumi. Mwalimu akaniambia nifute ubao na nifunge mdomo. Basi nakusimulia wewe, ambaye huna ubao.

Nilikuwa darasa la sita, nakaa na nyanya yangu Kaloleni, hapa Voi, kwa sababu wazazi wangu walihamia Mwatate kikazi na shule niliyoizoea ilikuwa huku. Nyumba ya nyanya ilikuwa ya vyumba viwili na jiko la uani lililoezekwa mabati yaliyopikwa na moshi hadi yakawa meusi kama sufuria zenyewe. Mwezi wa Ramadhani, ikishasaliwa alasiri, uani kwetu hapakupitika. Nyanya alikaanga kaimati za kuuza na za kugawa, akazivika shira ya sukari, na mimi nilizungusha sahani kwa majirani. Ilikuwa desturi ya mtaa ule kwamba sahani ya mtu hairudi tupu. Ukipeleka kaimati, inarudi na viazi vya karai, au ndizi, au hata ndimu moja inayozunguka peke yake kama imefukuzwa nyumbani. Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama wa Kitaita, wa kanisani kabisa, lakini futari aliijua kuliko sisi. Jua likianza kushuka, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuchungulia uani: "Mama, leo umenikumbuka ama niende zangu nikapike?"

Sasa, kabla ya Ramadhani ile, nyanya aliacha shira motoni, akaingia ndani kujinyoosha. Moshi ukajaa mpaka jirani akaruka ukuta na ndoo. Hakuna aliyeumia, ila sufuria. Lakini mama yangu alipopata habari alimpigia dada yake mkubwa aliyekuwa Kanada, na mamkubwa akaja.

Alikuja na jaketi asizozihitaji, na ndani ya soksi zake chupa za shira ya mepo. Siku ya kwanza tu alisema mbele yetu sote, bila kuzunguka: "Mama, nimekuja kujionea. Nikiona unajiweza, nitakuacha hapa kwako. Nikiona hujiwezi, utahamia Mwatate kwa mdogo wangu."

Nyanya akaendelea kuchambua mchele. "Karibu. Mtihani unaanza lini?"

"Mama, si mtihani."

"Mbona umekuja na chupa basi? Ama hiyo ndiyo wino?"

Mamkubwa akaeleza: mti unatobolewa, maji yake yanakingwa kwenye ndoo. Nyanya akaisukuma chupa kwa kidole kimoja. Kwa mtu wa pwani, kinachokingwa mtini kinagemwa, na kinachogemwa ni tembo, pombe ya mnazi, na tembo ndani ya nyumba yake mwezi wa Ramadhani haliingii. Ilibidi mamkubwa aape kwamba yale maji huchemshwa yangali mabichi hadi yawe mazito. Hapo nyanya akalegea. Alisema hata mama yake mzazi alikuwa akichemsha tembo bichi la asubuhi likawa asali, na kwamba kumbe Wazungu nao wana akili wakitaka.

Basi tukala Kanada. Mamkubwa alimpaka kuku shira ile pamoja na tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na pilipili, akamchoma kwenye makaa taratibu hadi ngozi ikawa nyekundu na inang'ata meno. Nyanya akasema kuku mtamu ni wa mgonjwa, kisha akachukua paja la pili. Mbaazi za nazi zikatiwa kijiko kimoja tu, ukala na mahamri ukasahau ulikuwa umefunga kwa ajili gani. Jirani akapewa kikombe, akakitia kwenye kimanga, ule mseto wao wa maharage na viazi vitamu vilivyopondwa, akarudisha sahani imejaa na kusema kama Kanada kuna shida ya wapishi, yeye pasipoti ataitafuta. Mimi nilinywa yangu moja kwa moja kwenye chupa. Sitaki kuongeza hapo.

Lakini kuna jambo moja mamkubwa hakulijua. Kila nyanya alipopika aliniita. "Njoo unuse." Nikisema iliki imezidi, anapunguza. Nikisema vitunguu vinataka kuungua, anaepua. Nilidhani ni heshima ninapewa, kwa sababu nina pua kubwa na watu shuleni walikuwa wameshanieleza. Na nyanya alikuwa mwerevu. Shira ya sukari haihitaji pua, unaitazama rangi: nyeupe, kisha ya dhahabu, na ikianza kuwa kahawia unaepua. Kwa macho yake tu alipika miaka yote hiyo.

Siku za mwisho mwisho za Ramadhani akatangaza kwamba kaimati za jioni ile zitakuwa za shira ya mepo. Mamkubwa akamwambia amimine tu kutoka chupani, ile imeshapikwa tayari.

"Shira haimwagwi baridi kama sabuni ya vyombo," nyanya akasema. "Ni lazima ichemke hadi ivute uzi."

Mamkubwa akaenda kuoga. Nyanya akanitwisha sinia la sahani za majirani, kwa hiyo nikatoka mimi na pua yangu. Shira ile, kama hujaiona, ni ya kahawia tangu dukani. Iwe imeiva, iwe imeungua, kwa macho ni ile ile.

Niliporudi jua lilikuwa karibu kuzama na watu wamekaa mkekani, jirani pia. Adhana ikalia, tende zikapita, na nyanya akatoka jikoni na sinia la kaimati akitabasamu, buibui lake limefungwa kiunoni. Kabla yake ilikuwa imefika harufu. Kitu kama mpira wa baiskeli uliotupwa motoni. Watoto wa jirani wakaziba pua. Yeye akaliweka sinia katikati, kwa madaha.

"Mbona mmenyamaza? Kuleni."

Nikachukua moja. Ikainuka na wenzake wanne. Nikajaribu kuwatenganisha, nikagonga sinia, likalia ngo, kama mlango wa bati.

"Nyanya, hizi zinafaa kuchezea bao," nikasema, na watu wakacheka, hata yeye.

Jirani akaitia yake mdomoni nzima. "Mimi meno yangu ni ya mlimani," akasema, shavu limevimba. "Nipeni muda tu."

Mamkubwa hakucheka. "Mama, hapa kunanuka moshi tangu nikiwa bafuni."

"Ni moshi wa jirani."

"Jirani ndiye huyu amekaa hapa."

Jirani akaendelea kusaga. Mamkubwa akanigeukia mimi. "Wewe. Nyanya yako ananusa?"

Mimi huwa sikosi jibu. Nina majibu ya akiba hata ya maswali ambayo hayajaulizwa. Jioni ile nilijaza mdomo kaimati.

"Mwache mtoto ale," nyanya akasema. "Sinusi. Tangu ile homa iliyonilaza miaka kadhaa nyuma. Sinusi moshi, sinusi mchuzi, hata udi nauwasha kwa mazoea." Akaokota kaimati moja, akaigeuza geuza kwenye taa. "Imeungua?"

"Imeungua sana, Mama."

"Mimi naiona nzuri."

Mamkubwa akaanza kulia, na ni yeye aliyekuja kusimamia mtihani. Nyanya akampa kitambaa chake cha kufutia mikono. "Usilie, mwanangu, utaharibu futari ya watu. Nitahama. Lakini niacheni niimalize Ramadhani yangu hapa, na kupika upike wewe, mimi nikae kwenye kibao nikuambie."

Ikawa hivyo. Siku zilizobaki mamkubwa alikuna nazi huku akifokewa. Baada ya Idi nyanya akagawa vyombo. Karai kubwa alilichukua jirani, ambaye alilibeba kichwani kama kofia ili asionekane uso. Mamkubwa akarudi kwake. Mwaka mmoja baadaye jirani naye alipandisha milimani kumwangalia mama yake, na karai letu likapanda naye.

Juzi nilipita Kaloleni. Pale jikoni mpangaji amejenga bafu, na mabati ni mapya, yanang'aa. Ilikuwa Ramadhani, alasiri ilishaingia, na hapakuwa na mtoto yeyote aliyebeba sahani. Mtaa una watu wengi kuliko zamani, ila kila mlango unapika chake na kukila chake. Nikaona hakuna wa kumuuliza walikokwenda wa zamani, nikaendelea na safari.

Nyanya yuko Mwatate, mzima, anatusengenya wote kwa zamu. Moto hawashi. Wakati wa kula anakula polepole, na akimaliza ndipo anauliza, "Hivi leo ilikuwa nini?" Mama humwambia ni pilau. Nyanya hufumba macho kidogo, halafu husema bizari ilikaa vizuri na nyama ilikuwa na mafuta yake. Pilau ya mama yangu haina bizari ya maana, na nyama tuliyonunua ilikuwa ya mifupa. Nyanya huwa anaisifu pilau nyingine kabisa, na hakuna kati yetu aliyewahi kuionja.