Jina Langu Kwenye Kibanda cha Moshi

Kile kibanda nilikichomelea mwenyewe. Mafundi ninao, lakini sikutuma hata mmoja. Binti yangu alipopata nafasi katika chuo kimoja hapa Thika, wa kwanza katika ukoo wetu kukanyaga chuo, nilifunga duka langu la vyuma kule Ruiru, nikakata mabomba na kuyaunga mpaka macho yakaniwasha. Mabati mazito, si yale yanayopinda upepo ukivuma. Benchi ambazo hata tembo angekalia. Mimi niliishia darasa la sita, nikaanza maisha nikisukuma mkokoteni Makongeni, na leo nina nyumba za kupangisha Mwihoko ambamo watu wenye digrii hunisalimia kwa mikono miwili. Nikitoa zawadi, lazima ionekane.

Mkuu wa chuo alichagua mahali: chini ya madirisha ya jengo la madarasa, ili wanafunzi wapate kivuli wakingoja kuingia. Pasta akaomba. Utepe ukakatwa. Juu ya kibanda ikaandikwa kwa rangi nyekundu kwamba kimetolewa kwa hisani yangu, na majina yangu yote matatu. Nilipigwa picha pale mpaka mashavu yakachoka.

Kwetu, mwanamume humpa binti yake wa kwanza jina la mama yake. Kwa hivyo mtoto huyu simwiti kwa jina, namwita mami, vile nilivyomwita aliyenizaa. Mama yangu alichuma kahawa ya wenyewe na kupika kwa kuni katika chumba kisicho na dirisha, na kifua ndicho kilichomuua. Namkumbuka ameshika ukingo wa meza, akitafuta hewa kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka gizani.

Basi mami, katika mwaka wake wa mwisho, alipoanza kuja nyumbani Ijumaa akikohoa, nilikijua kile kikohozi. Pumu alikuwa nayo tangu utotoni, lakini ilikuwa imelala miaka mingi.

"Ni vumbi tu, Baba," akasema.

"Vumbi gani, na mvua inanyesha?"

"Basi ni baridi."

Nikamnunulia sweta. Mjinga mimi, nikamnunulia sweta!

Kisha mchana mmoja nikapigiwa simu kutoka chuoni, nije haraka. Nilimkuta katika chumba cha wagonjwa, ameketi, inhela iko mkononi, mkono mwingine umeshika ukingo wa meza. Muuguzi akaniambia ametulia sasa, nimpe nafasi apumue. Nikatoka nje kungoja, na miguu yangu ikanipeleka kwenye kibanda changu.

Moshi ulikuwa umejaa mle kama jiko la matanga. Wavulana, wasichana, hata mwalimu mmoja mwenye tai.

"Niaje, buda," kijana mmoja akaniambia. "Uko na kiberiti?"

"Nani amewaruhusu kuvuta hapa?"

"Kwani huoni? Hii ndio base yetu, hapa ndio tunakutana. Soma hapo juu."

Nikasoma. Chini ya majina yangu chuo kilikuwa kimeongeza maandishi kwa rangi ileile nyekundu: ENEO LA KUVUTA SIGARA.

"Huyo mzee ameandikwa hapo ni mtu poa sana," kijana akaendelea, akipuliza moshi juu. "Ametujengea. Mungu amuongezee."

Wakacheka wote, hata mwenye tai.

"Huyo mzee ni mimi."

"Wacha! Buda, si ukae basi, uko kwako!"

Nikauinua uso nione ule moshi unaenda wapi. Ulikuwa unapanda polepole mpaka dirisha la juu, na dirisha lile lilikuwa la darasa la mami. Jua lote lile, na limefungwa. Kwenye nyufa wameshindilia magazeti.

Niliingia ofisini kwa mkuu wa chuo bila kubisha.

"Karibu, mzee wetu. Chai?"

"Sitaki chai. Nani ameandika chini ya jina langu?"

Akanieleza taratibu, vile watu waliosoma hutueleza sisi. Sheria ya chuo, akasema, inakataza kuvuta ndani ya majengo. Wavutaji wanahitaji mahali. Kibanda kiko wazi, kina hewa, kimejengwa vizuri.

"Na mlipoona moshi unaingia darasani?"

"Wanafunzi walilalamika, ni kweli. Lakini tungekihamisha vipi, mzee? Wewe ndiye mfadhili, na kimeombewa. Tuliogopa utaona tumekuvunjia heshima."

Heshima! Ngai, Mungu wangu! Watoto wanashindilia magazeti dirishani wapate kupumua, na wakubwa wamekaa ofisini wakiniheshimu. Simu yangu wanayo. Wakitaka saruji ya bure hunipigia haraka sana.

Nikiwa njiani kumrudisha nyumbani nikamuuliza mami kwa nini alinificha.

"Ningeanzia wapi, Baba? Jina lako liko pale. Wananiita mtoto wa mwenye base."

Daktari wa Ruiru alimpima, akaniambia bila kuzunguka: ama moshi uondoke, ama msichana aondoke. Mami alikuwa amebakisha muhula mmoja tu wa masomo. Aliposikia hivyo aligeuza uso ukutani.

Asubuhi nilifika chuoni na pikapu na mashine ya kukata chuma. Askari wa lango akauliza kama nina ruhusa. Nikamwambia aende asome ni jina la nani limeandikwa pale. Nilikata kila unganisho nililounga, cheche zikiruka, wanafunzi wakinipiga video na kushangilia. Nikapakia mabati na benchi, nikaacha sakafu ya saruji tupu, nikaondoka nikijiona nimemaliza kazi.

Wiki iliyofuata mami akarudi nyumbani anakohoa zaidi.

"Umeondoa mabati tu, Baba. Watu bado wako palepale. Sasa hakuna hata paa la kuzuia moshi."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata macho. Kibanda hakikuwa na kosa. Kosa ni ile sheria yao, inayoulinda ukuta na kumsahau aliye nyuma ya ukuta.

Mkutano wa wazazi na bodi ulikuwa umekaribia. Sisi hukutana ukumbini, chini ya feni, chai na mandazi mbele. Nikampigia simu mkuu wa chuo nikasema mwaka huu chai, mandazi na nyama ni juu yangu, lakini tukae katika darasa la mami, na tukae saa ya mapumziko ya mchana. Mfadhili akisema, nani atakataa? Si wananiheshimu?

Nilitangulia kufika. Nikayang'oa yale magazeti, nikafungua dirisha lote, nikaweka kiti changu mbele yake.

Tulipofika kwenye habari za sigara, mzazi mmoja mwenye suti alisimama.

"Hawa ni watu wazima. Mkiwakataza hapa watavutia vyooni. Sheria iliyopo inatosha."

Wakati huo kengele ya mapumziko ilikuwa imelia na wavutaji wamejipanga chini yetu. Moshi ukaanza kuingia. Mwenye suti akakatiza hotuba akakohoa. Mama mmoja akafunika pua kwa leso. Mjumbe wa bodi akainuka, akaja kufunga dirisha.

"Keti," nikamwambia.

"Mzee, huu moshi—"

"Keti chini! Watoto wetu wanakula huu moshi siku zote za Mungu na hamkuwafungulia hata mlango. Wenu wakikohoa mtawanunulia sweta, kama nilivyofanya mimi. Mimi nimeshazika mtu mmoja wa jina hili. Sitazika wa pili."

Nilipiga meza mpaka vikombe vikaruka. Mwenye suti ndiye aliyeniomba, macho yakimtoka machozi, tupige kura ili tutoke.

Sheria mpya ni fupi: ukiingia langoni, sigara imebaki nje. Mwanafunzi, mwalimu, mgeni, mjumbe wa bodi, wote. Bado naona wengine wakijificha nyuma ya tangi la maji, na nikiwapata nawafokea bila kuuliza ni mtoto wa nani. Hasira yangu haijaisha. Mami alifanya mitihani yake yote katika darasa lile, dirisha wazi, inhela ndani ya mkoba.

Baadaye mkuu wa chuo aliniomba nikirudishe kibanda. Nikamuuliza mami.

"Rudisha," akasema. "Lakini ng'ambo ile ya uwanja, mbali na madirisha. Na usiandike kitu, Baba."

Hilo la mwisho liliniuma. Nikakiunga upya, nikakipaka rangi ya kijani kuanzia juu mpaka chini, na sikuandika kitu. Lakini ukipita pale, tazama zile benchi. Thika nzima hakuna mwingine anayechomelea hivyo.