Kumchagulia Kabula Amplifaya ya Valvu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa na umeme wa mashine iliyokuwa imechomolewa. Nilifika asubuhi kwenye karakana ya redio pale Mabatini, nimevaa shati la kuazima, na Fundi Mkuu akaniwekea mezani amplifaya ya gitaa, mgongo wazi. Nikaona plagi iko sakafuni, nikajua iko salama, nikaingiza mkono. Lo! Nilijikuta nimekaa ndani ya karai la vyuma chakavu.

“Umeona?” Fundi Mkuu akaniuliza, wala hakuinuka kwenye kiti. “Umeme unakaa ndani ya kapasita kama maji mtungini. Wewe umefunga bomba tu, mtungi bado umejaa. Haya, toka humo kwenye karai uje ujifunze.”

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya fundi mitambo, yaani mtu wa kutunza vyombo vya bendi. Kwa nyie mliozaliwa juzi, valvu ni kitu cha kioo kinachofanana na globu ndogo. Kinapashwa moto, na ndicho kinachokuza sauti ya gitaa. Baadaye zikaja mashine za transista, nyepesi, hazina makuu, na sizitukani maana zimelisha watoto wangu. Lakini mpiga gitaa akishaonja valvu, habanduki. Ukigusa uzi polepole inanong’ona nawe, ukiukwaruza kwa hasira nayo inakasirika. Fundi Mkuu alinifundisha kuigonga kila valvu kwa kitako cha penseli huku mashine inawaka: ikilia kwenye spika kama kengele, hiyo imechoka. Alinifundisha pia nisiwashe kamwe kabla spika haijaunganishwa, kwa sababu transfoma ya sauti itaungua, na hiyo ndiyo roho ya mashine.

Kituo changu cha kwanza cha kujitegemea kilikuwa Magu, kwenye bendi ya wakulima wa pamba. Katibu wa bendi alikuwa mtu mfupi aliyependa vitu vikubwa. Tulipotumwa mjini kununua amplifaya, akaiona moja imesimama kama kabati.

“Fundi, hii ina wati ngapi?”

“Mia, Katibu. Lakini ukumbi wetu mdogo. Tukiifungua sawasawa, mabati yatang’oka.”

“Yang’oke! Watu wajue Magu kuna bendi.”

Haya, tukaibeba. Mtu asichokijua kuhusu valvu ni kwamba haipendi kubembelezwa. Lazima ifanye kazi ndipo iimbe. Tukiifungulia kidogo inatoa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini. Tukiifungulia zaidi, wacheza dansi wanatoka nje na soda zao. Mwishowe tukaazima ya wati ishirini kutoka kwa bendi ya Misungwi, na usiku huohuo watu walicheza mpaka vumbi likapanda. Kwa hiyo wewe unayetaka kununua, hasa kama mfuko wako si mnene, usione haya kuchukua ndogo. Wati kumi na tano mpaka ishirini zinatosha ukumbi wa kawaida. Katibu hakukubali hata siku moja kwamba alikosea. Alisema ni ukumbi ndio uliokosea.

Kutoka Magu nilihamia Mwanza mjini, kwenye ukumbi uliokuwa karibu na maji, chini ya Meneja mmoja mkali wa usafi. Huko adui hakuwa Katibu, alikuwa usubi wa ziwani. Mnawajua wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi. Wanapenda mwanga, na valvu ikiwaka ina mwanga mwekundu mzuri. Wanaingia kwa mgongo wa mashine, wanaungua, ukumbi mzima unanuka nywele zilizochomwa.

“Fundi, wageni wangu wanauliza jikoni kunapikwa nini!” Meneja alinifokea.

Nikakata chandarua, nikashona kifuniko cha mgongo. Hewa inapita, mdudu hapiti. Nilifanya kazi chini ya Meneja yule mpaka mvi zikanijaa, mpaka siku aliponiita ofisini akanionyesha flashi ndogo kama punje ya hindi. “Mzee, muziki wote sasa uko humu,” akasema, na nimpe haki yake, aliona aibu kusema. Bendi ikavunjwa. Nikastaafu.

Sasa niseme wazi, maana umri huu hauna cha kuficha: nina upweke. Mke wangu alitangulia. Watoto wako Dar na Geita, wananipigia Jumapili, wananiuliza presha. Wenzangu wa bendi tumezikana mmoja mmoja. Nina chumba changu Mabatini, nina meza ya kazi, nina redio ambayo naibishia mpaka jirani anadhani nina mgeni. Jamani, mtu aliyezoea kelele za bendi, kimya kinamuuma mwilini kabisa.

Ndipo mwaka jana akabisha hodi Kabula. Ni binti mpiga gitaa, anapiga na bendi ndogo ya harusi inayozunguka Magu, Misungwi na hapa mjini. Alikuwa na amplifaya ya transista, mgonjwa wa kudumu. Nikiiponya Jumatatu, Alhamisi imerudi.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba. Imekufa tena?”

“Haijafa, imezimia.”

“Basi leta maji tuimwagie.”

Nikifungua skrubu, yeye anakaa kwenye kigoda anapiga gitaa bila umeme, ananisimulia maharusi walionuniana na mashangazi waliogombania kipaza sauti. Nikamnunulia kikombe chake. Nakiri nilikuwa naomba mashine ile isipone kabisa, na Mungu akawa ananisikia.

Siku moja alikuja bila mzigo. “Babu, hali ni mbaya. Imezima katikati ya wimbo, bibi harusi amesimama kama nguzo. Kiongozi wa bendi kasema ikizima tena jukwaani, nafasi yangu anampa mwingine. Nimejichanga. Nataka ya valvu, itakayodumu. Twende unichagulie.”

Tukaenda kwa mama mmoja mjini anayeuza vyombo vilivyotumika. Alikuwa nazo mbili za valvu, bei zinakaribiana, zote Kabula anazimudu. Moja nyekundu, maridadi, imevaa kitambaa cha dhahabu mbele. Nyingine ya kijivu, sura ya sanduku la shule. Nikaanza kazi kama nilivyofundishwa. Nikainua kwanza, kupima uzito wa transfoma kwa mgongo wangu. Nikanusa kama kuna kilichoungua. Nikasoma volti nyuma, maana zipo zinazotoka nchi za volti mia na kumi, na hapa kwetu ukizichomeka moja kwa moja unachoma ubani. Nikawasha, nikasubiri zipate moto, nikasikiliza zinavyonguruma kabla gitaa halijaguswa. Kisha nikampa Kabula apige.

Alipopiga kwenye nyekundu, yule mama aliacha kuhesabu chenji. Ala! Ilikuwa tamu kweli.

“Babu, hii! Isikie!”

“Nimeisikia.”

“Nichukue?”

Nilikuwa nimeshachungulia nyuma. Transfoma ya sauti ilikuwa imesukwa upya kwa mkono wa mtu mwenye haraka. Valvu zake ni za aina ambayo haipatikani tena. Mimi ninazo chache kwenye boksi langu chini ya kitanda. Mwanza nzima sijui mwingine ambaye angeweza kuitunza. Ingezima, ingerudi kwangu. Ingepona, ingezima tena. Ningekuwa na mgeni kila wiki mpaka nife. Na wala nisingesema uongo, sauti ilikuwa tamu. Si nipo? Si nitaitengeneza bure? Shetani ana hoja nzuri, bwana, usimdharau.

“Itanisumbua, babu?”

Aliniangalia vile mtoto anavyomwangalia mtu mzima anayemwamini. Nikaona jukwaa la Magu, nikamwona amesimama na gitaa bubu mkononi.

“Itakusumbua,” nikasema. “Chukua ya kijivu.”

“Lakini hii tamu!”

“Tamu leo. Ile valvu zake zinauzwa mpaka leo, haijawahi kuguswa na fundi mbaya, na kelele haina. Ukiizoea itakuimbia. Chukua, mwanangu.”

Alinuna njia nzima. Nyumbani nikamfundisha: spika kwanza ndipo swichi, stebilaiza isikosekane kwa umeme wetu huu wa kupanda na kushuka, na ngoma ikiisha aache valvu zipoe kabla ya kuipakia garini, kwa sababu kioo cha moto na barabara mbovu havipatani. Nikamshonea na chandarua cha mgongoni. Akanishukuru sana, akaondoka.

Wiki ikapita. Ikapita nyingine. Nikawa nageuka kila nikisikia miguu uani. Nimekaa na kazi hii tangu ujana, na sikuwahi kuwaza kwamba mashine nzima haina sababu ya kumrudia fundi. Nilipokuwa kazini kulikuwa na Katibu, kulikuwa na Meneja, kulikuwa na wa kunifokea. Vijana, ustaafu unawapumzisha watu wengine wote wasikuhitaji.

Jumamosi iliyopita simu ikaita, nikaidaka mlio wa kwanza.

“Babu shikamoo! Niko Magu, harusini. Kiongozi kasema mimi ndiye wa kudumu. Na mashine haijasumbua hata siku moja!”

“Marahaba, mwanangu. Hongera sana. Haingurumi kidogo?”

“Hata kidogo.”

“Harufu je? Ya kuungua?”

“Hakuna, babu.”

“Swichi hailegei?”

“Babu, nzima kabisa! Wewe ni fundi kweli. Wananiita jukwaani, baki salama.”

Simu ikakatika kabla sijamwambia kwamba anaweza kuja hata kama hakuna kilichoharibika.