Nilichosikia Mgongoni mwa Ndugu Yangu

Nilisikia. Kwa miaka mingi nimeapa kwamba sikusikia, lakini juzi nilipita karibu na mbuzi walionyeshewa na mvua, pale Kitengela, na harufu yao ikanisuta.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi. Kabla ya kununua, alibandika sikio kwenye mbavu za mnyama. Kifua kikichakacha kama nywele zinazosuguliwa kwa vidole, hiyo ilikuwa homa ya mapafu. Alinifunza, nami nikajigamba mtaa mzima.

Ndugu yangu mdogo alikuwa na pumu. Siku moja alikohoa tangu asubuhi, baba hayupo. Mama akaniita.

"Wewe daktari wa mbuzi, hebu msikize. Ni ile filimbi ya pumu ama ni kitu ingine?"

Nikabandika sikio mgongoni. Chini, upande wa kulia, palichakacha. Lakini kesho yake baba alikuwa anipeleke soko la mbuzi la Mashuuru kwa mara ya kwanza, na safari ya hospitali ingeharibu kila kitu.

"Ni filimbi tu," nikasema.

Jirani yetu, mama Msomali mwenye duka aliyekuja kumwona mgonjwa, akainama kusikiliza mwenyewe. "Filimbi gani? Wallahi, hii ni nimonia! Mpeleke Kajiado saa hii."

Mama akampeleka, nami nikabaki dukani kwa jirani. Jioni simu ikalia, jirani akanipa nizungumze na mama.

"Ni nimonia. Amewekewa oksijeni, atapona. Kwani wewe ulisikia nini?"

"Filimbi, mama."



"Basi sokoni usiende. Utamnunulia baba yako mbuzi wagonjwa."