Ramani ya Mzee Hatua

Kijiji chetu kiko kaskazini, mwisho wa barabara, mahali ambapo lori likifika halina pa kwenda ila kugeuza. Kimekaa juu ya mgongo wa kilima. Upande wa mashariki kuna mto, upande wa magharibi kuna genge la mawe, na nyumba zimefuatana katikati kwa mstari mmoja kama watu wanaovuka daraja jembamba. Nyumba ni arobaini na sita. Idadi hiyo ni ya Mzee Hatua, na alichohesabu Mzee Hatua hakuna aliyejisumbua kukirudia.

Alifanya kazi na wapima ardhi miaka ishirini na miwili. Mpimaji hakuwa yeye. Yeye alikuwa mshika mnyororo wa kupimia, yule anayesimama ndani ya miiba kwenye ncha ya mbali huku mwenzake akichungulia kwenye chombo. Huko alijifunza kutembea kwa hatua zilizo sawa na kutoamini umbali wowote ambao mguu wake haujaupita. Ukimuuliza kisima kiko umbali gani, hakuambii "hapo tu" kama watu wengine. Anakuambia hatua mia tatu na nane, na wakati wa mvua mia tatu na ishirini, maana hapo unazunguka tope. Vijana walimtania kwamba hata kitandani huhesabu hatua za kumfikia mkewe. Akawajibu kuwa hizo ameshazisahau, siku hizi anakwenda kwa kukisia.

Alipostaafu alichora ramani ya kijiji nyuma ya karatasi za kalenda kubwa, akaziunganisha kwa gundi na kuitundika katika ofisi ya kijiji. Kila nyumba ilikuwa kisanduku, na ndani ya kisanduku iliandikwa idadi ya watu. Mara moja kwa mwaka alizunguka na penseli yake kusahihisha. Nyumba ambayo jiko lake halikuwashwa mwaka mzima aliizungushia duara na kuandika sifuri. Kufikia mwaka huu maduara yalikuwa kumi na saba.

Hapo ndipo alipotofautiana na sisi. Kwetu mtu hahesabiwi kuwa ameondoka mpaka kitanda chake kifunguliwe mbao. Kijana anaweza kuwa mbali miaka tisa, lakini kama kitanda kimetandikwa, ukimuuliza mama yake atakuambia, "Tuko watano." Kwa hesabu ya vitanda tulikuwa watu mia moja thelathini na wanane. Kwa ramani ya Mzee Hatua tulikuwa tisini na wanne. Hakuna aliyegombana naye kwa hilo. Ramani ilikuwa kitu cha kuonyesha wageni.

Mke wake alikuwa na sukari, na kisigino chake cha kushoto kilikuwa na kidonda kilichokataa kufunga. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikwenda zahanati kusafishwa. Zahanati yetu ni vyumba viwili, friji moja na nesi mmoja. Kutoka mlangoni kwao ni hatua mia mbili na kumi na mbili. Hizo ni za mzee. Za mkewe zilikuwa nyingi zaidi, na alipumzika mara mbili njiani, lakini alifika. Nesi alikuwa ameshamwambia mzee waziwazi kwamba kidonda kile kikikosa kusafishwa wiki mbili tu, mguu utakatwa.

Mwezi wa nane alikuja binti mmoja afisa kutoka wilayani, na faili kwapani. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza idadi ya watu, na kila nyumba ilimjibu kwa desturi yetu. Kufika saa sita akaingia ofisini kunywa maji, akaiona ramani. Akauliza ni nani aliyechora. Mzee Hatua akaitwa, naye akaja amevaa lile koti lake la kazini.

Alimweleza kila kitu kwa kijiti: mto, genge, kisima, nyumba moja baada ya nyingine. Hakuwa amepata msikilizaji kama yule tangu astaafu. Afisa alipotaka kupiga picha kwa simu, mzee alisogeza benchi ili mwanga wa dirishani uangukie vizuri, kisha akashika pembe ya karatasi isijikunje, kama alivyokuwa akishika mnyororo.

"Kwa hiyo, mzee wangu, hizi zenye duara hakuna mtu?"

"Hakuna, mwanangu. Moto haujawashwa."

"Mbona wenzako wamenipa mia moja thelathini na wanane?"

Mzee akacheka. "Wenzangu wanahesabu vitanda."

Afisa naye akacheka, akaandika. Alipokuwa anafunga faili ndipo mzee alipouliza, kwa mazungumzo tu, idadi hiyo ni ya nini. Afisa akamweleza kwamba wanapanga upya wauguzi. Kijiji chenye watu chini ya mia moja na ishirini hakitabaki na nesi, atahamishiwa kijiji cha ng'ambo ya mto.

Mzee alikaa kwenye lile benchi alilolisogeza. Akaanza kusema kwamba karatasi ile ni ya zamani, kwamba penseli si kitu cha kutegemea, kwamba wengi wa hao walioondoka wako njiani kurudi. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, na hakumkatiza.

"Mzee, tarehe umeiandika mwenyewe pale chini. Ni ya mwezi uliopita." Kisha akaongeza taratibu kwamba yeye haamui, anapeleka tu.

Habari zilifika dukani kabla ya jioni. Siku ya pili mzee alipokwenda kununua sabuni alimkuta seremala, jirani yake wa nyumba ya tatu, ameketi na wengine. Seremala hakupandisha sauti.

"Binti zangu wanne umewafuta, kaka. Vitanda vyao nimevitengeneza kwa mikono hii na viko palepale. Sikusema neno, nikajua ndiyo kazi yako. Lakini nyumbani kwako umeandika watatu. Huyo wa tatu ni nani?"

Pale dukani kila mtu alimjua. Alikuwa mtoto wa pekee wa mzee na mkewe, aliyekwenda kusini kutafuta kazi miaka kumi na moja iliyopita, na barua yake ya mwisho ilikuwa na miaka sita. Kila mwaka mzee alipita nyumba zote na penseli yake, akafika kwake, akaandika watatu. Alilipa sabuni, akaisahau juu ya meza, ikabidi mwenye duka amkimbilie nayo.

Alipanda lori akaenda wilayani na barua aliyoiandika mara tatu. Karani aliipokea na kuiweka chini ya nyingine. Katika chumba cha ndani alionyeshwa ramani yake mwenyewe, imechapishwa na kubandikwa ukutani. Mkubwa wa ofisi alimshika mkono na kumwambia kuwa wangekuwa na watu kama yeye kila kijiji, kazi yao ingekuwa rahisi. Mzee alisema ahsante.

Nesi aliondoka wiki ya tatu ya mwezi wa tisa. Alimfundisha mzee kusafisha kidonda, akamwachia bandeji za siku kumi, lakini akasema bayana kuwa hiyo ni ya kushikilia tu, dawa yenyewe haiwekwi na mtu asiyesomea. Friji ilipakiwa kwanza, yeye akapanda mwisho.

Mkewe hakumlaumu. Alimwambia tu, akiwa ameunyoosha mguu juu ya kigoda, "Ungenihesabu mimi mara ishirini na saba, tungefika mia moja na ishirini. Mwili wenyewe unatosha."

Kesho yake mzee alikwenda ofisini na penseli. Aliizungushia duara nyumba ya nesi bila kungoja mwaka upite, akaandika sifuri. Akasimama mbele ya kisanduku chake mwenyewe kwa muda mrefu. Mwenyekiti, aliyekuwa akiandika mezani, anasema aliisikia penseli ikigusa karatasi na kuondoka, ikigusa na kuondoka. Mpaka leo pale pameandikwa watatu.

Siku bandeji zilipobaki mbili, aliamka mapema akaenda kwa miguu kijiji cha ng'ambo. Aliteremka kilima, akavuka mto kwa mawe kwa kuwa daraja liko mbali zaidi, akapanda upande wa pili mpaka mlangoni kwa nesi, kisha akageuka. Ni hatua elfu kumi na moja mia nne na sitini, kwenda tu. Nambari hiyo aliiandika kwenye kipande cha karatasi na kukitia mfuko wa koti. Baadaye nilikiona.

Alirudi saa nane mchana, suruali imelowa hadi magotini. Mkewe alikuwa ameketi mlangoni, amevaa kiatu cha kulia, cha kushoto amekishika mkononi.

"Ni mbali kiasi gani?"

Mzee Hatua aliketi kwenye kizingiti karibu naye, akaanza kumlegezea kamba za kile kiatu ili kisigino kipite.

"Hapo tu," akasema.