Gwanda la Eunike

Eunike alikuwa askari magereza, na mimi ndiye niliyempangisha chumba hapa Majengo. Majirani walinong'ona eti nalaza askari ndani. Nikawaambia huyo askari anafagia uwanja kuliko mabinti zenu, na mdomo wake ni mfupi kuliko wenu.

Kwao ni Mwika. Kihamba cha baba yake, shamba la migomba la ukoo, kaka zake walikigawana chote, naye akabaki hana hata mgomba mmoja, ndipo akaenda magereza. Hakuna aliyemuuliza kama anaipenda hiyo kazi.

Mwaka juzi wapagazi wa mlimani waligoma kudai ujira wao, wakakamatwa. Miongoni mwao alikuwemo Theopista, binti wa Marangu, mwembamba hivi lakini anapanda mlima na mzigo kichwani pamoja na wanaume. Wakati wa kupekuliwa alibisha, Eunike akampiga kirungu cha mgongo. Jioni alinijia jikoni akilia, kamasi zinamtoka, akasema amempiga mtu aliyechoka kama mama yake.

Theopista alipoachiwa, Eunike akaniomba nimsindikize Marangu na jani la isale. Kwetu Uchagani mtu akikuletea isale lililofungwa fundo kuomba msamaha, humrudishi, hata awe amekumwagia damu. Theopista alilipokea mbele ya mama yake, wakalia wote watatu, tukala mtori. Toka siku hiyo wakawa mtu na dada yake.

Theopista alikuwa kwenye kundi la wajamaa, vijana waliokuwa wakikutana uani kwangu kila Jumapili. Mwenyekiti wao Martin, mwalimu, kijana safi, anaongea kama redio. Walitaka nchi irudi mikononi mwa wanaoifanyia kazi, na mimi kwa hilo sina ugomvi nao. Basi Theopista akamleta Eunike awe mwanachama. Weee, palichimbika! Mmoja akasema bora amwingize nyoka kitandani. Theopista akawajibu kuwa askari naye ni mtoto wa mkulima, njaa ndiyo iliyomvalisha gwanda, na siku tukiwekwa ndani tena tutamtaka mtu wetu mle.

Martin alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Isale ni mambo ya nyumbani, dada. Hapa ni harakati. Akitaka kuingia, avue gwanda kwanza."

Wakapiga kura, Martin akashinda. Nilitamani niwamwagie maji ya vyombo.

Eunike akaacha kazi. Nilimwambia afikirie vizuri, akasema amechoka kuogopwa na watu. Jumapili iliyofuata walimpigia makofi mpaka kuku wakakimbia, naye akacheka. Masikini, sikuwahi kumwona akicheka vile. Akaanza kuuza ndizi pamoja na mimi, na kwa kweli biashara hakuijua.

Mwaka huu, baridi ya Julai, wapagazi wakagoma tena. Theopista akarudishwa mahabusu, gereza lilelile la Eunike, na safari hii pumu ilikuwa imemwanza. Eunike akampelekea dawa ya kuvuta. Askari wa getini, waliyekuwa wakila naye sahani moja, akamwambia kwa upole kuwa raia hupokelewa siku ya kuona watu, asubiri. Kesho yake akaenda tena, akajibiwa vilevile. Alirudi na ile dawa mkononi, akakaa kizingitini bila kuvua viatu. Siku ya kuona watu haijafika, tukaitwa kuchukua maiti.

Tulimzika kwao Marangu, katikati ya migomba. Martin alihutubia. Alisema Theopista ameuawa na mfumo, kisha akamnyooshea Eunike mkono, akasema huyu ndiye mfano wetu, askari aliyechagua upande wa wananchi. Kuna waliopiga makofi, msibani! Nilimchukia siku ile, Mungu anisamehe.

Mama yake Theopista alikuwa amekaa kwenye mkeka. Akamgeukia Eunike, akamuuliza taratibu, bila hasira.

"Mwanangu, wewe mle unapajua. Mtu akibanwa na kifua usiku, ni nani anayemfungulia?"

Eunike akapiga magoti kando ya mkeka.

"Upande wa wanawake, mama, nilikuwa nafungua mimi."