Ruta Niliyoificha Nyuma ya Kabati

Siku hiyo kompyuta arobaini na mbili zilipotea njia kwa mpigo, na aliyezipoteza ni mimi.

Sogeeni jamani, siri hazinikai tumboni.

Nilikuwa fundi wa mtandao chuoni, mwaka wa saba. Kebo zote za jengo lile nilizivuta mimi, kwa magoti haya haya.

Akaja Kalamu Mbili. Tulimwita hivyo kwa kalamu mbili za mfuko wa shati ambazo hazikuwahi kuandika kitu. Nikamfundisha kazi kama mdogo wangu wa tumbo moja.

"Dada, hii swichi ya kuunganishia kebo inajuaje kifaa kipi kiko wapi?"

"Kila kifaa kina namba ya kuzaliwa nayo. Ukikichomeka tu, swichi inaandika namba na tundu kilipoingilia."

Nikamwonyesha na daftari langu. Kila kifaa kilichogusa mtandao wangu nilikiandika kwa mkono: namba, tarehe, mwenyewe.

Miezi minane baadaye mkurugenzi akatutangazia mkuu mpya wa kitengo. Kalamu Mbili! Mpango wa mtandao niliouchora mimi, yeye alibadilisha jina tu, akaupeleka ghorofani.

Nikapiga makofi. Meno nasaga.

"Dada, usinune," akaninong'oneza. "Ukiwa na shida, mlango wangu uko wazi."

Mlango wako? Subiri, utautafuta.

Nikachagua siku ya usajili wa wanafunzi. Asubuhi na mapema nikatoa mkobani ruta yangu ya kugawia intaneti nyumbani, ndogo kama kisosi, nikaichomeka kwenye tundu la mtandao nyuma ya kabati la mafaili.

Niwaeleze kidogo. Kompyuta ikiwaka haina anwani. Inaita: "Nani atanipa?" Inampokea wa kwanza kujibu, kitambulisho haiulizi. Seva ya chuo, mgawaji halali wa anwani, ilikuwa mbali na ina uvivu wake. Ruta yangu ilikuwa jirani, tena mdomo mwepesi. Ikagawa anwani za uongo kama njugu.

Saa tatu ukumbi ulifurika.

"Mtandao hakuna!"

"Hakuna vipi, tumesimama tangu alfajiri?"

Kalamu Mbili anazima, anawasha, anazima. Shati limemganda mgongoni.

Chai yangu siku hiyo ilikuwa tamu, sijui nani aliipika.

Saa sita mkurugenzi akanijia mwenyewe. "Mama, tuokoe."

Nikazunguka, nikajifanya napima kebo, nikachomoa ruta, nikaitia mkobani. Dakika tano tu, ukumbi mzima vigelegele.

Wiki ile ile cheo kikawa changu. Kalamu Mbili akarudishwa kwenye meza yangu ya zamani.

Siku ya kukabidhiana ofisi akaingia anatabasamu. Akaweka karatasi mbili mezani.

Ya kwanza, kumbukumbu za swichi: namba ya ruta, tundu la nyuma ya kabati, saa mbili kasoro tano.

Ya pili, nakala ya ukurasa wa daftari langu. Namba ile ile. Mbele yake, kwa mwandiko wangu mzuri: *Yangu, ya nyumbani, nimeijaribu hapa.*

Niliandika miaka mitatu nyuma! Unadhifu wangu ukanimaliza.

"Ulijua lini?"

"Saa tatu na robo, dada. Ulinifundisha vizuri."

"Sasa mbona hukuichomoa?"

"Ili iweje? Kazi yenyewe ilikuwa inanishinda. Nikikusema utafukuzwa, nani ataifanya?" Akazikunja karatasi taratibu. "Wewe kaa na kiti. Mimi nitakaa na hizi."

Leo anaingia saa nne, anatoka saa saba. Wenzangu wananiuliza, "Bosi, huyu humwoni?" Namwona. Namwona vizuri sana.

Ukitaka kumchimbia mtu shimo, kwanza angalia mpini wa jembe. Usije ukawa ulichonga jina lako.

Jana ameniletea ombi la likizo ya mwezi mzima. Nikapapasa meza, kalamu sina. Akachomoa moja mfukoni, akanipa kwa mikono miwili.

Nikatia saini. Ndiyo siku ya kwanza kuiona ile kalamu ikiandika.