Ngege wa Kimumu Wanamngoja Nabwire

Saa tatu asubuhi, ukungu ndio kwanza unaondoka Kimumu, na Elphas Murunga bado hajawalisha samaki wake. Amechutama ukingoni mwa kidimbwi, mkono umezama majini hadi kwenye kiwiko.

"Maji hayajapata jua," anasema. "Hapa Eldoret samaki akila na baridi, chakula kinamlalia tumboni."

Murunga anachunga vidimbwi viwili vya ngege katika shamba la Mama Jepkemboi. Mshahara ni haba, lakini si huo unaomkosesha raha. Ni mkewe, Nabwire, aliyerudi kwao Budalang'i, kando ya ziwa, mwaka juzi.

"Alionja ngege wangu mara moja, akasukuma sahani," anakumbuka. "Akaniambia, 'Baba Nasambu, haya ni matope yenye miba. Siku utakapofuga samaki, niite.'"

Siku hizo Murunga aliwalisha samaki machicha ya busaa, pombe ya nafaka iliyouzwa vilabuni. Vilabu vilipofungwa mwaka jana, machicha yakaadimika. Basi Murunga akawapikia ugali, akawatupia matonge kila asubuhi.

"Nilidhani nawaheshimu. Kwetu mgeni hapewi pumba."

Haikupita wiki, ngege wakaanza kuelea, matumbo yamevimba kama ngoma.

"Wamefungiwa klabu, sasa wamegoma," Mama Jepkemboi alimtania, ingawa uso wake haukuwa na kicheko.

Bwana samaki, afisa wa ufugaji wa samaki, aliitwa kutoka mjini. Alimpasua ngege mmoja, akawaeleza kwamba ndani ya utumbo wa samaki huishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyomsaidia kusaga chakula. Vya ngege hawa vilizoea machicha. Ugali mtupu ulipoingia ghafla, vile vyema vilipungua na vibaya vikajaa.

"Kumbe ni kama kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando," Mama Jepkemboi akasema. "Ukikizoesha maziwa, kinakulisha miaka. Ukitia kitu kigeni, kimeoza."

Tangu hapo Murunga hana haraka. Huchanganya pumba, majani laini na omena, wale dagaa wa ziwani, wa kusagwa, na kila kipya hukiingiza kidogo kidogo ndani ya kile walichozoea. Omena hununua kwa Aketch, mchuuzi anayewaleta kutoka ziwani.

"Nikifungua gunia nasikia harufu ya kwao Nabwire," anasema, akitazama kando. "Huwa nakaa kidogo kabla ya kulifunga."

Ngege sasa wamenona, na Aketch ametumwa Budalang'i na ujumbe: Nabwire aje Pasaka.

"Onja mmoja kwanza, Elphas," Mama Jepkemboi anamwita kutoka kwenye zizi. "Usije ukaaibika mbele ya mwenye ziwa!"

"La, Mama. Wa kwanza kuonja ni yeye."

Je, akisukuma sahani tena?

Murunga anachota konzi ya chakula. Jua limefika majini.

"Nitaanza upya na pumba," anasema. "Lakini atakuwa amekuja."